Shangazi Amegandia Sufuriani

Ukimsikia mtu anasema watoto wa siku hizi hawali kwa sababu wamedekezwa, mwulize kwanza kama amewahi kukaa meza moja na Hapana.

Hapana ni mtoto wa jirani yangu, fundi cherehani, ambaye sisi wote uani tunamwita Fundi. Mlango wake na wangu inatazamana, na kiti cha wateja wangu wa kusuka nimekiweka pale ambapo jiko lake linaonekana lote. Mtoto ana jina la kwenye cheti, lakini hakuna anayelitumia. Neno lake la kwanza halikuwa mama wala baba. Lilikuwa hapana, na alilitamka kijiko kikiwa mdomoni. Sasa ana miaka minne na hajabadilisha msimamo. Dada yake, mkubwa kidogo, tunamwita Meneja. Huyo hakatai, huyo anakagua. Anainua kipande cha karoti kwa vidole viwili, anakigeuza kwenye mwanga kama mwenye duka aliyepewa noti ya mashaka, halafu anauliza, "Hii imegusana na nini?" Kwa Meneja, wali ukigusa mboga ni msiba, sahani nzima izikwe.

Shida ya Hapana ni nyingine. Yeye anakula kwa masikio. Kitu kisipolia kru mdomoni, hakishuki. Vyote laini, vyote vya kuteleza, vinatoka kama vilivyoingia.

Na mama yao anashona mpaka jua linazama. Anaingia jikoni futi ya kupimia bado inaning'inia shingoni, anafungua kabati, anaangalia kilichopo: kiporo cha wali, yai moja, nusu kitunguu, kiazi kilichoanza kuota. Hapo ndipo chakula cha jioni kinatungwa. Nimemwona akifanya makubwa kwa yai lile moja. Lakini kupika ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuwashawishi wale mabwana wakubwa wawili wafungue mdomo.

Aliyepata dawa ni mumewe, Dereva, anayeendesha lori la masafa na kurudi nyumbani pale barabara inapomruhusu. Jioni moja alikuwa nyumbani, mimi nimeingia kuazima chumvi nikakaa, kama kawaida yangu. Meneja amesukuma sahani ya viazi vya kuponda. Dereva akashtuka kwa maigizo.

"Ha! Unamkataa Bibi?"

"Bibi yuko wapi?"

"Huyu hapa! Mwangalie. Mweupe, laini, hana jino hata moja. Unamwachaje Bibi mpaka anapoa?"

Mtoto akacheka, akala. Tangu siku hiyo chakula cha nyumba ile kikawa na ukoo. Mayai ya kukaanga yenye kila kilichobaki ndani yake ni Mjomba, kwa sababu anakuja bila taarifa na mifuko imejaa vitu usivyovijua. Supu nyepesi ni Baba Mdogo, maneno mengi, nyama hakuna. Na siku Fundi aliposahau wali motoni ukashika chini, Dereva alichukua kijiko akakwangua ule ukoko, kr, kr, kr, mpaka jasho likamtoka.

"Huyu sasa ni Shangazi," akasema. "Mgumu, kaungua kidogo, na akishagandia mahali humtoi bila vita."

Nilicheka nikashika mlango. Fundi alimziba mumewe mdomo kwa kiganja. "Wewe! Watoto hao wana midomo!" Lakini alikuwa amechelewa. Hapana alikwisha kutia kipande kinywani, kikalia kru, macho yakamtoka, akanyoosha mkono. "Shangazi mwingine."

Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yake kuomba kuongezewa. Kwa hiyo mimi nilikuwepo jina lilipozaliwa, na mnaoujua mdomo wangu mtashangaa kusikia kwamba hilo sikulipeleka popote.

Sasa, shangazi wa kweli yupo. Ni dada mkubwa wa Dereva, ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki, na kazi yake ni mpishi mkuu wa bweni la shule, mwanamke anayelisha watoto mia nne kwa sauti moja. Yeye na wifi yake hawajawahi kupatana. Tangu siku ya harusi aliwaambia watu kwamba mdogo wake ameoa sindano, na sindano haishibishi mtu.

Kilichomleta ni picha. Dereva alimtumia picha ya Hapana amekaa kizingitini, suruali imebanwa kiunoni kwa pini. Mtu yeyote wa uani angemweleza: mafundi wote ndivyo wanavyowashonea watoto wao, wanaacha nafasi ya kukua. Fundi aliacha nafasi ya kukua mpaka mwaka kesho kutwa. Lakini Shangazi hakuona suruali kubwa. Aliona mtoto aliyekwisha kwa kukonda.

Dereva akapiga simu kutoka safarini. "Mke wangu, dada anakuja. Akiona wanakula, ataondoka mwenyewe. Akiona hawali, Jumapili anaondoka nao, wakakae kwake mpaka nirudi."

"Na wewe umesemaje?"

"Nimesema sawa. Ulitaka nimwambie nini? Yule amenilea."

Fundi alikata simu. Siku ile alishona mkono wa gauni nje ndani, kitu ambacho sijawahi kumwona akifanya. Akawaita watoto, akapiga magoti mbele yao.

"Shangazi akiwa hapa, hakuna kumtaja Shangazi. Tumeelewana?"

"Shangazi yupi?" Meneja akauliza.

"Yule wa sufuria."

"Na yule atakayekaa kwenye kiti?"

"Huyo mwamkie."

Alifika Ijumaa mchana na mfuko mmoja wa nguo, na kwenye mfuko wa pili upawa wake mwenyewe wa chuma, mrefu kama mkono wangu. Watoto wakamwamkia. Hakuitikia kwanza. Alimshika Hapana mkono, akauzungusha kati ya kidole gumba na cha shahada, vidole vikakutana vikapita.

"Marahaba," akasema. "Huu ni mkono au ni kuni?"

"Karibu, wifi," Fundi akasema.

"Nimeshakaribia. Jikoni ni wapi? Au hakuna?"

Jioni ile akapika yeye. Na ninasema ukweli, mkono anao. Harufu ilinitoa kwangu. Alipika wali, maharage na mboga za majani, akavichanganya vyote pamoja kwenye bakuli kubwa kama wanavyofanya bwenini, akapiga upawa ukingoni, ngwa! Watoto wakaruka.

"Kaa. Kula."

Meneja akaangalia bakuli, midomo ikaanza kutetemeka. "Vyote vimegusana."

"Tumboni vitakaa vyumba tofauti?"

"Hapana," akasema Hapana, kijiko hata hakijamfikia.

"Huyu anamkatalia nani?"

"Ndilo jina lake, shangazi yao," nikadakia, nikidhani nasaidia.

"Na wewe ni nani?"

"Mimi ni jirani. Msusi."

"Umekuja kusuka nini hapa mezani?"

Nikanyamaza, jambo ambalo uani bado wanalizungumzia. Shangazi akaondoa sahani. Sheria ya bweni: kula unachopewa au lala. Wakalala. Fundi akanyanyuka na vipande vya mkate, Shangazi akamzuia mlangoni kwa upawa, kama askari wa geti.

"Ndiyo ulivyowaharibu. Mtoto mwenye njaa anakula mawe."

"Wangu hawali mawe, wifi. Mmoja atauliza jiwe limegusana na nini."

"Unanifanyia mzaha?"

"Nakueleza."

Asubuhi ya Jumamosi, hadithi ileile. Uji ulimteleza Hapana ukatoka na kumwagikia suruali yenye pini. Shangazi hakupiga kelele. Alifanya kibaya zaidi: alichukua mfuko wake wa nguo, akaingia chumba cha watoto, akaanza kukunja magauni ya Meneja, moja baada ya moja, mbele ya mama yao. Fundi alisimama mlangoni, mimi nikichungulia nyuma yake, mkono wake umeshika futi shingoni kama anataka kujinyonga nayo.

"Leo usiku napika mimi," akasema.

"Pika. Wakila, kesho naondoka peke yangu na sitasema neno. Wasipokula, wameshafungashiwa."

"Umesema mbele ya jirani."

"Jirani yenu huyu, si tayari kijiji kizima kimesikia?"

Mchana Fundi alikuja kwangu, akakaa kwenye kiti cha wateja bila kusukwa. Mpango ulikuwa mmoja tu. Wali, maharage pembeni yasiguse kitu kwa ajili ya Meneja, na wali uachwe ushike chini, ukoko utoke mzuri kwa ajili ya Hapana. Hatauita jina. Atampa tu, mtoto atasikia kru, atakula.

"Na akiuliza huyu ni nani?"

"Nitasema ni wali."

"Shoga, wali mtupu, bila jina, yule hali. Mwambie wifi yako ukweli, kwamba jina alilitoa mdogo wake."

"Ataniamini? Atasema namsingizia aliyemlea ili nijisafishe. Hapo ndipo atawabeba hata kama wamekula sufuria na mfuniko."

Jioni akabandika wali. Nilikuwa kwangu nikimalizia kichwa cha mteja, jicho liko jikoni. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri, harufu ya kushika imeanza, ile nzuri, ya kahawia. Hapo akaja mteja wa Fundi mlangoni kuchukua sare, akataka zipu ijaribiwe palepale. Fundi akatoka. Alikawia kadiri ya zipu.

Shangazi aliyekuwa sebuleni akanusa. Akanyanyuka. Mwanamke wa bweni akinusa wali unashika, miguu inakwenda yenyewe. Nikaona anafunua sufuria, anatikisa kichwa, anaupakua wali wote wa juu kwenye bakuli, anamwagia maharage, anakatia mboga, anakoroga. Nikaacha kichwa cha watu nusu, nikakimbia nikipiga kelele, "Usitie maji! Usitie maji!"

Nilipofika alikuwa ametia. Sufuria imejaa maji mpaka ukingoni, ukoko chini unalowa unatoa mapovu.

"Wali umeungua," akasema, anajifuta mikono. "Nimeuokoa. Na nyie mnakimbiana kwa nini?"

Fundi aliingia na pini mdomoni. Aliangalia sufuria, akaangalia bakuli. Akazitoa pini moja moja, kwa sababu kama angesema nazo mdomoni, ninavyomjua, angezimeza.

"Umenimwagia chakula cha mwanangu."

"Uchafu wa chini ya sufuria ndio chakula cha mwanao?"

"Si tulisema napika mimi?"

"Ulikuwa unaunguza!"

"Nilikuwa naunguza kwa makusudi!"

"Ehe! Jirani, umesikia? Kwa makusudi."

Na Hapana hapo mlangoni, katika suruali yake ya mwaka kesho kutwa, akachungulia sufuria, akaona kipande kinaelea. Akapiga yowe lililotoa watu vyumbani.

"Shangazi amemmwaga Shangazi!"

Hata jiko la mafuta lilionekana limepunguza sauti. Meneja akajifunika uso kwa mikono yote miwili, maana yeye alikuwa ameahidi.

"Amesemaje huyu?" Shangazi akauliza polepole.

Akatugeukia mmoja mmoja.

"Nauliza. Shangazi gani amemwagwa?"

Fundi angeweza kusema. Ulimi ulikuwa wake, ukweli ulikuwa wake, na shahidi alikuwa amesimama hapo, mimi, midomo inaniwasha kama pilipili. Alinitazama jicho moja tu, nikaumeza. Halafu akachukua kikaango, akakiweka motoni, akakipaka mafuta kidogo.

"Kaeni mezani," akawaambia watoto.

Alichota lile bakuli la Shangazi, wali na maharage na mboga vilivyokorogwa pamoja, akakitandaza chakula kwenye kikaango, kikawa chembamba kama kitambaa. Akakigandamiza kwa kitako cha kikombe, kona mpaka kona, jinsi anavyopiga pasi ukosi wa shati. Hakugeuza. Akasubiri. Kikaanza kulia pembeni, kikaanza kutoa moshi, na Shangazi naye akaanza.

"Unaunguza tena. Unakiona? Unakichoma chakula changu mbele yangu."

Fundi hakugeuka. Moshi ukazidi, akakipindua, kikaanguka sinia kikiwa kipande kimoja, kahawia kwa juu, cheusi pembezoni. Akakivunja kwa mkono, kikalia. Akamwekea kila mtoto.

Meneja akainua kipande kwa vidole viwili. Maharage, mboga, wali, vyote vimegusana, vimeshikana mpaka huwezi kujua kipi ni kipi. Akakigeuza kwenye mwanga.

"Mama, hii haijagusana. Hii ni kitu kimoja."

"Ni kitu kimoja."

"Basi ni nani?"

Ndiyo hapo sasa. Wali mtupu hawali, nilikwisha sema. Kisipokuwa na jina, mezani hakuna atakayetia mdomoni. Hapana ameshikilia kijiko juu, anangoja. Chumbani mfuko umefungwa. Shangazi amekunja mikono na upawa umechomoza kwapani. Fundi akamtazama wifi yake usoni, hakutazama chini.

"Ni Shangazi," akasema.

"Yule mgumu?" Meneja akauliza.

"Yule mgumu."

"Aliyeungua?"

"Aliyeungua."

"Anayegandia?" akauliza Hapana.

"Huyohuyo, baba. Kula."

Kru. Kru, kru. Walikula mpaka Hapana akalamba sinia, na Meneja akamnyang'anya mdogo wake kipande cha pembeni, kile cheusi, wakakigombania kwa makucha. Mboga za majani zikashuka, Hapana hakujua hata kama amezila. Shangazi alisimama vilevile, uso umekuwa wa rangi ya kikaango.

"Kwa hiyo mimi ndiye mgumu," akasema. "Mimi ndiye ninayegandia. Unanila nyumbani kwa mdogo wangu."

"Wamekula, wifi. Ulisema wakila."

"Sikusema wanile mimi!"

Akatoa simu, akabonyeza kwa nguvu ya kuvunja, akaiweka kwenye spika katikati ya meza, tusikie wote hukumu.

"Dada! Shikamoo," sauti ya Dereva ikaja, na mlio wa lori limesimama nyuma yake. "Vipi, wamekula?"

"Wamekula."

"Alhamdu! Wamekula nini?"

Shangazi akafungua mdomo, akaufunga. Hebu fikirieni, mwambie mtu umeliwa.

"Mkeo amenigeuza chakula," akasema hatimaye. "Amewafundisha wanao kuniita ukoko. Mgumu, nimeungua, nagandia. Maneno hayo yote nimeyasikia kwa masikio yangu. Sasa nieleze, ndiyo nyumba niliyokulelea?"

Kwenye simu kikasikika kitu kama kikohozi, kisha si kikohozi. Mtu alikuwa anajikaza kicheko mpaka kinamtoka puani.

"Unacheka?"

"Dada... nisamehe. Hilo jina nililitoa mimi."

"Wewe?"

"Mimi. Mke wangu alinifunga mdomo. Dada, wewe si ndiye uliyekuwa unanipiga kwa kijiko tukigombania ukoko? Mpaka leo nina alama kidoleni. Ningeuita nani mwingine?"

Nilimwangalia Fundi. Alikuwa anafuta meza, pale pale, mahali palipokwisha kuwa safi.

"Zima simu," Shangazi akasema. "Unaendesha."

"Nimeegesha, dada."

"Zima."

Asubuhi nguo za watoto zilikuwa juu ya kiti, zimekunjwa vizuri kuliko zilivyowahi kukunjwa, na mfuko ulikuwa na nguo za mtu mmoja. Nilijifanya nafagia mlangoni kwangu. Shangazi akatoka, upawa kwapani. Hakuaga mtu. Alipofika getini akasimama, akageuka nusu.

"Moto ulikuwa mkubwa," akamwambia Fundi. "Ukoko ni moto mdogo, na mfuniko juu."

"Asante, wifi."

"Sijakufundisha. Nimekusema."

Akaenda zake. Fundi akabaki ameshika geti, akasonya msonyo mrefu ambao ulimfikia yule mama mgongoni, nina hakika, maana hatua zilibadilika.

Jioni nikaingia kuazima chumvi. Wali ulikuwa motoni, moto umepunguzwa mpaka hauonekani, mfuniko juu na jiwe juu ya mfuniko. Meneja alikuwa dirishani anaangalia barabara.

"Kwa hiyo Shangazi ameondoka kabisa?" akauliza.

"Hapana," akasema mdogo wake, na akaonyesha sufuria kwa kijiko.